Mikono ya Koti la Nne

Mara tatu Anena alishona koti la mtihani, na mara tatu aliambiwa kwamba mikono ya koti haikuketi vizuri mabegani. Fundi yeyote wa nguo atakuambia kwamba mkono wa koti ndio unaomtenga fundi na mtu aliyejipachika jina la fundi. Kola unaweza kuidanganya kwa pasi, lakini mkono haudanganyiki. Kwa hiyo kumwambia Anena kwamba hajui kuunga mkono wa koti kulikuwa sawa na kumwambia mpishi mzoefu kwamba hajui kukadiria chumvi, tena mbele ya wageni wake.

Alikuwa mwanamke wa Kiacholi wa miaka thelathini na minane, mrefu, mchache wa maneno, mpangaji wa chumba kimoja Kyebando pamoja na binti zake wawili, Lakot na Aber. Kazi alijifunza kwa fundi wa Kihindi karibu na Mengo, ambaye mwanzo alimwajiri afagie vipande vya nguo, na miaka tisa baadaye alikuwa akimwachia suti za maharusi azimalize peke yake. Mwaka wa sabini na mbili Mhindi yule alifunga masanduku kama wenzake wote, akaondoka, na duka likawa karakana ya ushonaji ya serikali. Mwaka huo huo mumewe Anena, Okot, aliyekuwa askari polisi, aliitwa kituoni asubuhi moja kwa jambo dogo. Alitoka bila kunywa chai, akasema ataikuta. Majirani walielewa jambo dogo lilikuwa na maana gani, na wengi wao wakaacha kupita mlangoni kwa Anena.

Pale karakanani Anena ndiye aliyekata, ndiye aliyeunga, ndiye aliyesahihisha makosa ya wengine. Lakini kwa cheo alikuwa msaidizi, kwa sababu hakuwa na karatasi. Aliyekuwa na karatasi alikuwa kijana mmoja aliyekata suruali ya polisi, miguu miwili yote ya kushoto, akaitwa fundi na kulipwa kama fundi. Anena alimeza hilo mwaka mzima. Halafu akajiandikisha kwa mtihani wa Daraja la Kwanza, akiwa mtu mzima asiyewahi kukalia dawati tangu darasa la sita.

Mtihani ulikuwa wa siku moja, katika kituo cha ufundi kilichokuwa njiani kwenda Kyambogo. Mtahiniwa alikuja asubuhi na vipimo vya mtu amtakaye, akapewa kitambaa, bitana na uzi, na ifikapo saa kumi na moja jioni koti zima liwe limetundikwa ukutani na jina lake kwenye kadi. Kulikuwa na kanuni moja ambayo hakuna aliyeitilia maanani. Kazi ya aliyefaulu ilirudishwa kwake pamoja na cheti, na kazi ya aliyeanguka ilibaki kituoni, eti iwe ushahidi akitaka kulalamika. Katika nchi ile, miaka ile, nani alilalamika?

Mtahini mkuu alikuwa Tarcisio Opoka. Anena alipomwona mara ya kwanza, mwaka wa sabini na tatu, moyo wake ulitulia, maana Opoka alikuwa mtu wa kwao, na alikuwa rafiki wa Okot. Walikuwa wamekula sahani moja mara nyingi, tena chakula alichopika yeye Anena. Alimwita shemeji. Opoka akamwitikia vizuri, akamuuliza habari za watoto, na baada ya wiki mbili akampa barua. Mikono haikuketi vizuri. Koti lilikuwa la buluu.

Mwaka wa pili lilikuwa la kahawia, na mwaka wa tatu jeusi. Anena alikuwa ameshaanza kuwa na wasiwasi na mikono yake mwenyewe. Jioni, akitoka kazini, aliketi kitandani akiyafungua makoti ya watu na kuyashona upya mabegani, mpaka Lakot akamuuliza hizo nguo zimefanya kosa gani. Unaona ubaya wa mtu yule? Kumnyima mtu cheti ni dhuluma ya kawaida. Kumfanya fundi aishuku mikono yake, hilo ni jingine kabisa.

Ukweli aliupata kwenye foleni ya sukari. Ilikuwa mwanzoni mwa sabini na sita, watu wamepanga mstari tangu alfajiri, na kapteni mmoja aliyevaa kiraia akaja akapita mbele ya wote bila kumtazama mtu. Koti lake lilikuwa la kahawia. Lilimkaa vizuri mno. Anena alitazama kwanza mabega, kama afanyavyo fundi, halafu akatazama vitundu vya vifungo, na hapo akasahau habari za sukari. Yeye alishona kwa mkono wa kushoto. Katika vitundu vyake vifundo vya uzi vililalia upande usio wa kawaida, na Mhindi wake alizoea kumtania kwamba hata akifa watamtambua kwa vifungo. Vitundu vile vililalia upande wake. Kapteni yule alikuwa amevaa koti la aliyeanguka.

Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Makoti mabaya Opoka hakuwa na haja nayo, hayo aliyapitisha na kuyarudisha kwa wenyewe wakavae. Makoti mazuri ndiyo aliyoyaangusha, yakabaki kituoni kuwa ushahidi, na ushahidi ukatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kuwapendeza wakubwa wa jeshi. Ndiyo maana mtahini wa Kiacholi alikuwa bado anakalia kiti chake wakati wenzake wa kabila lake walikuwa wamechukuliwa mmoja mmoja, kama Okot, hawajulikani walipo. Anena alitoka kwenye mstari bila sukari. Alipofika Kyebando aliwaambia binti zake kwa sauti tulivu kabisa kwamba mtu fulani atalipa. Tangu siku hiyo hakumwita tena shemeji, hata moyoni.

Nafasi ilijileta yenyewe. Mwezi wa tisa likatoka agizo: kila mtu mzima anayefanya kazi katika karakana za serikali awe na cheti kabla ya mwaka kwisha, asiye nacho aende nyumbani. Kila mkoa ungehesabu watu wake wenye vyeti, na gavana wa mkoa, ambaye alikuwa brigedia, alitangaza kwenye mkutano kwamba wake utakuwa wa kwanza, apende asipende mtu. Mtihani utafanywa mwezi wa kumi na moja, na yeye mwenyewe atakuja kugawa vyeti uwanjani. Gavana yule alipenda ndondi kuliko chakula. Mtu akimfurahisha, alimshika kifundo cha mkono na kuuinua juu kama wa mshindi ulingoni, na picha za namna hiyo zilikuwa zimejaa kwenye magazeti. Hakuna mtu Kampala asiyeijua tabia hiyo.

Anena alizichunguza picha zile siku nyingi, hasa sehemu ya kwapa.

Siku ya mtihani alikuja na vipimo alivyodai ni vya baba mkwe wake. Baba mkwe wake alikuwa amezikwa zamani. Vipimo vilikuwa vya Opoka, alivyovichukua kwa macho tu katika miaka mitatu ya kusimama mbele yake: mtu mfupi, kifua kipana, bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto kwa upana wa vidole viwili. Koti lililokatwa kwa bega hilo lisingemfaa kapteni yeyote duniani. Kitambaa cha mwaka ule kilikuwa cha sufu ya kijivu, kizuri, kilichobaki katika ghala za Wahindi, na kila aliyekigusa alikigusa mara mbili.

Alikata, akaunga, akatia bitana. Kola ilikaa kama imezaliwa pale. Vitundu vya vifungo alivishona kwa mkono wa kushoto, taratibu, bila kuficha kitu. Ilipofika zamu ya mikono, aliiacha cherehani akachukua sindano. Akapiga bandi, zile hatua ndefu za muda ambazo fundi hushikizia nguo kabla ya kuishona, kwa uzi mmoja mwembamba wa kijivu aliokuja nao kutoka nyumbani, uzi wa zamani uliokwisha kuoza kwa unyevu. Halafu akafunika kwa bitana, akapiga pasi, na mabega yakawa laini yasiyo na doa.

Kwenye cherehani ya pili alikaa Safinah, mwenzake wa karakana, Mnubi, binti wa askari mstaafu, mwanamke mnene mwenye mzaha mwingi na vitundu vya vifungo vibaya. Safinah aliona. Akainama kama anayeokota mkasi.

"Mama Lakot, hiyo iko bandi tu. Wewe hapana piga cherehani."

"Najua."

"Yeye nakwenda kuona. Na hii ndiyo mwisho, dada. Ukianguka leo, kazi kwisha."

Anena alimjibu kwamba ataona tu kama atakagua. Mtahini anayekagua hugeuza koti nje ndani, hutia vidole chini ya bitana, huvuta mkono. Opoka akifanya hivyo, basi amwangushe, atakuwa amemwangusha kwa haki kwa mara ya kwanza, na yeye ataenda nyumbani bila kusema neno. Lakini alikuwa na hakika kwamba hatagusa. Angemwangusha bila kugusa, angelichukua koti, na kwa bega lile angelivaa mwenyewe siku ya gavana. Kama ni kuanguka, Anena alikuwa ameamua kuanguka na mtu. Safinah akarudi kwenye vitundu vyake.

Barua zilikuja baada ya siku kumi, na Anena alifungua yake akiwa ameshajua imeandikwa nini. Hakuwa amejua. Amefaulu, Daraja la Kwanza. Kadi ya ukaguzi ilikuwa imebandikwa nyuma: kola safi, bitana safi, mikono safi, na chini yake sahihi ya Opoka yenye mkia mrefu. Safinah naye alikuwa amefaulu. Kila mtu alikuwa amefaulu, watu sitini na mmoja kati ya sitini na mmoja, hata yule kijana wa miguu miwili ya kushoto, aliyerudi kutafuta daraja kubwa zaidi. Gavana alitaka idadi na Opoka alikuwa amempa idadi. Makoti yangebaki kituoni mpaka siku ya sherehe, yatundikwe uwanjani watu wayaone.

Safinah alipiga vigelegele mpaka wapita njia wakasimama. Alikuwa na miaka arobaini na mitano na hicho kilikuwa cheti chake cha kwanza cha kitu chochote. Hata cha ndoa hakuwa nacho. Anena alikaa na barua mapajani. Kitu alichokililia miaka minne kilikuwa mkononi mwake, na ghalani kule njia ya Kyambogo kulikuwa na koti la kijivu lenye jina lake, baya kuliko yote aliyopata kushona maishani. Zilibaki siku nne.

Nitasema ukweli, hata kama unampunguzia sifa: alikwenda kulishona. Kesho yake mchana alimwomba msimamizi ruhusa, akatia sindano na uzi mzuri ndani ya mkoba, akapanda mpaka kituoni. Njiani alipanga maneno. Angesema kuna kifungo kimoja hakikukazwa vizuri, angeomba nusu saa tu, na mambo yangeishia hapo.

Opoka alikuwa ofisini mbele ya kioo. Alikuwa amelivaa. Alikuwa akijigeuza huku na huku polepole, mikono imeshuka kando, na bega lake la kulia lilikuwa halionekani kabisa kwamba limeshuka. Alimkaribisha kwa Kiacholi, bila aibu yoyote.

"Hili nitalivaa mimi siku ya gavana," alisema. "Utapata kitambaa kingine, nitakutafutia."

"Na mikono?" Anena aliuliza. "Iko vizuri?"

Opoka alicheka kidogo. "Mama Lakot, mimi na wewe ni watu wa nyumba moja, acha nikwambie. Nimekupitisha kwa sababu mwaka huu kila mtu anapita. Mikono yako ni ile ile. Ukipata cheti usidhani umepata na ufundi."

Mkono wa Anena ulikuwa ndani ya mkoba, umeishika sindano. Aliiachia. Akamwambia Bwana Opoka kwamba koti limempendeza, akatoka, akateremka kilima akiwa mwepesi, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Tangu Okot aondoke hakuwahi kulala vizuri kama alivyolala siku hiyo.

Siku ya sherehe uwanja ulijaa. Bendi ya polisi ilipiga, makoti sitini yalining'inia kwenye kamba kati ya miti miwili, na mbele waliketi maofisa pamoja na wake zao. Kapteni wa foleni ya sukari alikuwa safu ya kwanza, amevaa koti lake la kahawia. Mafundi waliitwa mmoja mmoja wakapokea vyeti. Safinah alikibusu chake. Halafu gavana akasimama, akasema kwa Kiswahili cha kambini kwamba mkoa wake umekwisha shinda mikoa yote, watu sitini na moja, hakuna hata moja nimeanguka, na mwalimu wa hii kazi aje hapa mbele.

Opoka akaja. Kijivu kilimpendeza, hata Anena alikiri. Gavana akamshika kifundo cha mkono wa kulia, akauinua juu kwa nguvu zake zote, na mkono wa koti ukatoka begani mzima mzima ukateleza mpaka kwenye kiganja cha gavana, ukiacha shati jeupe la Opoka limetuna kwapani mbele ya watu elfu moja.

Kicheko kilianzia nyuma kwa watoto. Kilifika katikati kikafa, maana gavana alikuwa bado ameushika ule mkono wa koti akiutazama, na hakuna aliyejua atacheka au ataua. Alimwambia Opoka ainue na ule mwingine. Opoka akauinua, na gavana akauvuta mwenyewe, nao ukatoka.

"Nani alishona hii?"

Safinah alimshika Anena sketi. Anena akasimama hata hivyo. "Ni mimi, afande."

"Wewe hapana jua kushona?"

"Najua, afande. Na huyu ametia sahihi kwamba amekagua. Kadi ni hii hapa. Imeandikwa, mikono safi."

Gavana akaisoma kadi, midomo ikicheza. Anena alijua kwamba hapo ndipo angeweza kukaa chini, na kwamba pengine ingetosha. Lakini alikuwa ameyabeba mambo hayo miaka minne. Akasema kwamba ameshona makoti mengine matatu, mikono imepigwa cherehani mara mbili kila mmoja, na hayo matatu Bwana Opoka aliyaangusha kwa mikono mibaya na kuyaweka kituoni. Moja lilikuwa la kahawia. Kama liko karibu, afande, livuteni.

Watu wote wakatazama safu ya kwanza. Kapteni aliangalia viatu vyake. Gavana akamwendea, akamsimamisha, akashika mkono wa koti la kahawia kwa mikono miwili na kuvuta kama anayevuta ng'ombe aliyegoma. Kapteni alisogea hatua mbili. Mkono wa koti haukusogea hata uzi mmoja. Gavana akavuta tena, na sasa alikuwa anacheka, anacheka mpaka machozi, na maofisa wakacheka, na kapteni pia akacheka kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Kicheko kile ndicho kilichomwokoa Opoka asitiwe kwenye buti la gari na kupotea. Lakini alikuwa amekojoa, na hilo waliokaa mbele waliliona.

Amri ilitoka pale pale. Karatasi zote zilizotiwa sahihi na mtu asiyekagua ni takataka, zikusanywe. Watu wote sitini na mmoja wafanye mtihani upya, chini ya mtahini mwingine. Na huyu bwana naye, ambaye kumbe tangu awe mkubwa hakuna aliyemwona na sindano, afanye mtihani kama wengine, akianguka aende kulima. Askari wakapita na sanduku wakikusanya vyeti. Anena alikitupa chake bila kukitazama. Safinah alishikilia chake mpaka askari akamfungua vidole.

Mtahini mpya alikuwa mzee Erinayo wa Mengo, aliyeshona kanzu na makoti tangu enzi za Waingereza, mtu wa sala na wa pole, mwenye macho yaliyoanza kuingia ukungu. Kwa kuwa hakuona vizuri, alikagua kwa vidole. Alilichukua koti la tano la Anena, akaligeuza nje ndani, akatia vidole chini ya bitana, akauzunguka mshono wote wa bega taratibu, kisha akaushika mkono akauvuta. Akavuta tena. Akavuta mara ya tatu, mzee yule mwembamba, mpaka mshipa wa shingo ukamtoka. Anena alisimama akilia waziwazi, bila kujifuta. Alikuwa amengoja miaka minne mtu auvute mkono ule.

"Nnyabo," mzee alimwita kwa Kiganda, yaani bibi, akimrudishia koti, "hii kazi ya Daraja ra Kwanza. Nani arikuwa nakuangusha?"

Katika wale sitini na mmoja walifaulu ishirini na watatu. Safinah hakuwamo, kwa sababu ya vitundu vya vifungo. Mwaka ulipokwisha alikusanya vitu vyake karakanani, mkasi, chaki, kikombe chake cha bati, na Anena akamfuata mpaka mlangoni kumwambia atamfundisha vitundu, mtihani ujao atapita. Safinah hakuwa na hasira. Ingekuwa nafuu kama angekuwa nayo.

"Ile karatasi ilikuwa yangu, mama Lakot," alisema. "Mimi nilikuwa nimepata."

Ikafika zamu ya Opoka. Alikuwa ameugua, au alisema ameugua, kwa hiyo mtihani wake ulikuja mwezi wa pili peke yake. Wakati huo macho ya mzee Erinayo yalikuwa yamezidi, naye alikuwa amemwomba gavana ampe Anena awe mtahini msaidizi, mtu wa kukagua na kuandika, yeye atie sahihi. Kwa hiyo asubuhi ile Opoka alipoingia ukumbini na utepe wa kupimia shingoni, aliyemkabidhi kitambaa alikuwa Anena. Hakumsalimu kwa Kiacholi. Alimwonyesha cherehani iliyo karibu na dirisha.

Alimwangalia akishona kutwa nzima, akimsubiri akosee. Hakukosea. Mtu yule alikuwa fundi, tena fundi hasa. Alikata bila kusita, na sindano ilimtii. Saa kumi na moja koti lilikuwa limetundikwa. Anena aliligeuza nje ndani, akatia vidole chini ya bitana, akazunguka bega hadi bega, akavuta mikono yote miwili kwa nguvu zake zote. Haikutikisika. Mzee Erinayo alikuwa nje kwenye benchi, akiota jua la jioni.

Opoka alikuwa amesimama mbele yake pale pale alipokuwa akisimama Anena miaka ile. Alizungumza kwa sauti ya chini.

"Yale makoti ndiyo yaliyoniweka hai, mama Lakot. Unajua ni wangapi wa kwetu wamebaki katika ofisi za mji huu. Ningefanyaje?"

"Okot hakuwa na koti la kuwapa," Anena alisema.

Anena akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto na kuandika kwenye kadi, polepole, herufi kwa herufi, mikono haikuketi vizuri mabegani. Aliisoma kwa sauti ili mwenyewe aisikie. Alikuwa ameyangoja maneno hayo kwa hamu, na yalipotoka yalikuwa matamu kweli, asikudanganye mtu kwamba kisasi hakina ladha. Kisha akaipeleka kadi nje, na mzee Erinayo, aliyemwamini, akatia sahihi mahali alipoonyeshwa kwa kidole.

Aliporudi, Opoka alikuwa amenyoosha mikono miwili apewe koti lake.

"Kazi ya aliyeanguka hubaki kituoni," Anena alimwambia. "Ni ushahidi, ukitaka kulalamika."

Opoka aliondoka siku hiyo hiyo na basi la Gulu, kwa habari zilizofika kituoni. Koti lake lilikaa kwenye msumari wiki nzima, na Anena hakuligusa ila kulipangusa vumbi. Jumatatu iliyofuata yule kapteni wa foleni ya sukari alikuja kituoni, amevaa sare, bastola kiunoni. Hakutaja habari za uwanjani. Alisema anasikia mtahini mpya ni mtu wa Kiacholi, mke wa polisi fulani, na kwamba si vizuri mtu wa namna hiyo kukosa marafiki mjini. Halafu akauliza kama kituo hakina koti la ziada.

Anena alifikiria binti zake, waliokuwa shuleni saa ile. Akalitoa koti kwenye msumari, akamshikilia kapteni avae, akamzunguka kwa nyuma na kumnyoosha mabega kwa viganja vyake. Mikono ilikuwa mirefu kidogo. Alimwambia aliache mpaka Ijumaa, atampunguzia.